Sikio Halilali na Njaa

Kimya kinasifiwa sana na kukaguliwa kidogo. Watu wa mjini hukifuata shambani, wenye fedha hukilipia hotelini, na sisi walimu hukidai darasani kutwa nzima. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Morris Heller na Moe Bergman, waliamua kukikagua. Waliwachukua watu 80 wenye usikivu mzuri, wasio na lalamiko lolote la masikio, wakawaingiza katika chumba kisichopenya sauti ya nje, kisha wakawataka waeleze watakachosikia. Asilimia 94 walitoka na la kusema: mruzi, mvumo, mlio wa mbali. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekutana tu na kelele ambayo miili yao huipiga siku zote, na ambayo shughuli za dunia huwa zinaifunika.

Kwa mtu ambaye masikio yake yanalia usiku na mchana, habari hiyo ina uzito kuliko dawa nyingi anazoelekezwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na masikio yangu yanalia tangu nilipotibiwa kifua kikuu sugu, miaka michache kabla ya 2018. Ni mlio mwembamba, wa juu, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua, ila mbu huyu hatui wala hauawi. Wahenga walisema sikio halilali na njaa, wakikusudia kwamba habari haikosi kumfikia mtu. Nimekuta usemi huo una ukweli mwingine, wa kimwili kabisa: sikio lisipoletewa kitu kutoka nje, hutafutiwa cha ndani.

Kizazi chetu kiliujua mlio wa masikio kabla ya kuujua kuwa ni maradhi. Tuliujua kwa kwinini. Aliyepata kulazwa kwa malaria kali, akatundikiwa dripu ya kwinini, anaikumbuka hali ile: masikio yanaziba, kisha yanaanza kuvuma, na sauti ya mama anayekuletea uji inatoka mbali ingawa amekaa kitandani pako. Wazee hawakushtuka. Walisema dawa imeingia. Na kwa kwinini walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, kwani mvumo wake kwa kawaida huondoka dozi ikiisha. Sisi wa Tanga tuna ujirani wa zamani na dawa hiyo. Amani, juu kwenye milima ya Usambara, ndiko Wajerumani walikoanzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya sinkona, ambayo magome yake hutoa kwinini. Tuna ujirani pia na mwisho wa enzi yake. Hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa zile zilizoshiriki utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2010. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9; kati ya waliopewa sindano ya artesuneti walifariki asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza sindano hiyo ndiyo itangulie kwa watoto. Walimu vijana ninaofundisha nao hawajui tena masikio kuvuma kwa kwinini.

Lakini funzo la kwinini lilikuwa limeshatukaa: masikio yakilia ukiwa kwenye dawa, vumilia, yatanyamaza. Wodi ya kifua kikuu sugu ilikuwa na wazee wengi waliolelewa kwa funzo hilo. Tulielezana asubuhi, tukisubiri sindano, nani anasikia nini. Mmoja alisikia maji yanachemka, mwingine redio isiyoshika stesheni. Tukahitimisha kwa pamoja kwamba dawa imeingia.

Sindano yenyewe iliitwa kanamaisini. Ilichomwa tako la kulia leo, la kushoto kesho, kwa miezi, pamoja na vidonge vya kujaza kiganja. Iligunduliwa Japani na Hamao Umezawa mwaka 1957, kutokana na vijidudu wanaoishi udongoni. Ni ya ukoo mmoja na streptomaisini, ile dawa ya kwanza iliyowapa wagonjwa wa kifua kikuu matumaini ya kweli, ambayo Albert Schatz aliipata mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, nayo ikitoka udongoni vilevile. Tangu miaka hiyohiyo ya 1940 madaktari waliona kwamba baadhi ya waliookolewa na streptomaisini walitoka hospitali wakiyumba, au wakiwa hawasikii. Ukoo huu wa dawa huua kijidudu cha kifua kikuu, na humohumo huingia katika sikio la ndani na kuua kitu kingine.

Kitu hicho ni seli za vinyweleo. Zimepangwa ndani ya mrija mdogo uliojisokota, unaoitwa koklea, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ambayo ubongo unaweza kuisoma. Binadamu huzaliwa na zipatazo 15,000 katika kila sikio. Ni chache mno: jicho moja lina vipokezi vya mwanga zaidi ya milioni 100. Dawa za ukoo wa kanamaisini huanza kuziua zile za mwanzoni mwa mrija, ambazo kazi yake ni sauti nyembamba za juu, kisha huendelea ndani. Na kwa binadamu seli hiyo ikifa haioti tena. Kwa ndege huota. Watafiti waligundua jambo hilo miaka ya 1980, walipoona kwamba kuku aliyeharibiwa seli zake za kusikia huzipata upya. Kwa hiyo jogoo wa jirani yangu angechomwa sindano zangu, angeweza kurudi kuisikia sauti yake mwenyewe. Mimi ninayeamshwa naye kila alfajiri sina bahati hiyo.

Haya yote niliyajua baadaye. Nililojua mwanzo ni chumba cha kupimia usikivu. Kilikuwa kisanduku chenye zulia ukutani, kiti kimoja cha plastiki, hedifoni nzito na kitufe cha kushika mkononi. Sista akanivalisha hedifoni, akasema, "Baba, ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza." Mlango ukafungwa. Nikasikia mlio, nikabonyeza. Nje ya kioo sista akatikisa kichwa: alikuwa hajaanza. Nikasubiri, nikausikia tena, nikabonyeza, akatikisa kichwa tena, safari hii akitabasamu. Kisha akageuza kitu kwenye mashine, na mlio wake ukaanza kuja kwa kukatikakatika, pi, pi, pi. Wangu haukatiki. Kwa njia hiyo tukaweza kugawana: inayokatika ni ya serikali, isiyokatika ni yangu.

Karatasi aliyoichapisha ilikuwa na mstari uliotoka kushoto ukienda vizuri, kisha ukaporomoka ulipokaribia upande wa kulia. "Sauti za chini unazo, baba," akasema. "Za juu ndizo zimekwenda." Nikamuuliza, basi huu ninaousikia, ambao ni wa juu kuliko yote, unatoka wapi? Akaweka ncha ya kalamu mahali mstari unapoporomoka. "Unatoka hapahapa palipokufa," akasema.

Sijapata jibu bora kuliko hilo, hata katika vitabu. Maelezo yanayokubaliwa zaidi na wanasayansi ni kwamba ubongo uliozoea kupokea habari za sauti fulani, zikikatika ghafla, haukubali tu kwamba hakuna kitu. Huongeza wepesi wake wa kupokea katika eneo hilo, mpaka hata mchakachiko wa kawaida wa mishipa ya fahamu unasikika kama sauti. Mlio basi uko kichwani zaidi ya ulivyo sikioni. Wapasuaji waliwahi kuukata mshipa wa fahamu wa kusikia kwa wagonjwa waliotaabika kupita kiasi. Baadhi yao waliamka wakiwa viziwi wa sikio hilo, na mlio upo palepale. Sikio halipiti kichwa. Hapo tena wahenga walisema zaidi ya walivyokusudia.

Nyumbani sayansi hii haikuwa na wateja wengi. Kwetu pwani sikio likilia lina tafsiri: kuna mtu anakutaja. La kulia anakutaja kwa wema, la kushoto anakusengenya. Shangazi yangu aliponijia kunipa pole, nikamweleza, akauliza ni lipi. Nikasema yote mawili. Akafikiri. "Basi mwanangu, hao ni wengi," akasema, "na hawajaafikiana." Jirani mwingine alitaja jini, kwa sauti ya chini, na akanielekeza kwa mtu. Mwingine akaleta kichupa cha mafuta ya habasoda. Nami nilikuwa na tafsiri yangu, mbaya kuliko zote: kila mlio ulipozidi usiku, niliamini kifua kikuu kinarudi, kwamba mwili unanipa taarifa ambayo makohozi hayajaitoa bado.

Nazitaja tafsiri hizi pamoja kwa sababu zina kazi moja. Mwaka 1990 mtafiti Pawel Jastreboff alitoa hoja iliyobadili namna ya kuwatibu watu wa hali hii. Alisema mateso hayatokani na mlio wenyewe. Yanatokana na ubongo kuuweka mlio katika fungu la vitu vya hatari. Chochote kilicho katika fungu hilo hufuatiliwa bila kukoma, kwa sababu kuacha kukifuatilia kungeweza kuwa mauti. Wapimaji wanapoulinganisha mlio wa mgonjwa na sauti ya mashine, mara nyingi wanakuta ni desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Yaani ni mdogo. Mwenye mlio mkubwa anaweza kulala fofofo, na mwenye mdogo akakesha akilia. Jini, wasengenyaji na kifua kikuu kinachorudi ni majina matatu ya fungu lilelile. Kila tafsiri inayosema mlio huu una maana fulani inampa mwenye masikio sababu ya kuendelea kuusikiliza.

Usiku ndio mtihani. Mchana Tanga ina bajaji, baiskeli, watoto, muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Mlio unakosa nafasi. Usiku mke wangu huwasha feni, na feni ile ya zamani, yenye panga moja lililopinda, ina kelele pana, ya chini, isiyo na habari yoyote ndani yake. Hiyo ndiyo sauti inayofaa: isiyosema kitu. Redio ya taarabu haikunifaa, maana nilijikuta nafuata maneno. Kisha umeme hukatika. Feni hupunguza mwendo, hukoroma kidogo, husimama, na katika giza lile lenye joto mlio hutokea mzima, kana kwamba ulikuwa umekaa pembeni ukisubiri zamu. Nyakati hizo za mwanzo niliketi kitandani na kuupigia mahesabu: umepanda? Umeshuka? Uko upande gani? Na kila nilivyoupima ndivyo ulivyonawiri.

Hamu ya kuuondoa kabisa ni ya kueleweka, na ina historia ya kusikitisha. Joseph Toynbee alikuwa miongoni mwa madaktari wa masikio walioheshimika zaidi Uingereza katika karne ya 19. Aliamini mvuke wa dawa ukiingizwa hadi sikio la kati unaweza kunyamazisha mlio. Mwaka 1866 akajijaribia mwenyewe klorofomu pamoja na asidi ya hidrosiyaniki, ambayo ni sumu kali. Alikutwa amekufa katika chumba chake cha kazi London. Zaidi ya miaka 150 baadaye bado hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta mlio huu. Vichupa vinavyouzwa mitaani na mitandaoni vinauza tumaini tu, na vile vya kudondoshea sikioni vina kasoro iliyo wazi kuliko zote: ngoma ya sikio ikiwa nzima, tone haliwezi kufika kwenye koklea. Kichupa cha habasoda nilicholetewa nilikipokea kwa shukrani, kikaenda jikoni.

Kinachofaa kina sura duni. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo humfunza mtu kuzikagua fikra zake juu ya mlio na kuacha zile zinazomtisha bure. Tafiti zinaonyesha haiufanyi mlio uwe mdogo. Inachopunguza ni dhiki. Kuna kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengi wetu tunakiita shimesikio. Kwa aliyepoteza usikivu, kifaa hicho humrudishia sauti za nje, na ubongo ukipata cha kufanya hupunguza kuhangaika na wa ndani. Kuna sauti ndogo ya usiku, kama feni yangu. Kuna kujikinga na spika za harusini bila kuzidisha, maana anayeziba masikio saa zote huyafanya yawe mepesi zaidi ya kuudhika. Na kuna mambo yasiyopaswa kuvumiliwa hata kidogo: usikivu unaopotea ghafla, mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda sawa na mapigo ya moyo, au kizunguzungu kinachoandamana nao. Hayo ni ya kumpeleka mtu hospitali mapema, na kwa usikivu uliopotea ghafla, siku hiyohiyo ikiwezekana.

Watu walinihimiza subira, na subira ni neno lenye heshima kwetu kiasi kwamba ni vigumu kulijadili. Hata hivyo nimeona tofauti kati ya kuvumilia na kupuuza. Anayevumilia anaendelea kuusikiliza mlio huku amekaza meno. Kukaza meno, kwa wengi wetu, kunaupandisha. Ni jambo unaloweza kulijaribu ukiwa na hali hii, kwani misuli ya taya na shingo ina uhusiano na njia za kusikia, na mlio hubadilika ukiikaza. Nikisujudu msikitini huwa naona unahama kidogo, kisha unarudi nikiinuka. Imamu niliyemweleza hakuniambia nisubiri. Aliniuliza kama najua rakaa niko ya ngapi. Nikasema najua. "Basi umesali," akasema, na akaendelea na tasbihi yake.

Kupuuza ndiko nilikokukosa. Karibu wote kati ya wale watu 80 wa Heller na Bergman walikuwa na milio yao, wakaishi nayo, wakarudi nayo nyumbani kwao, na hakuna anayedhani walitaabika. Walichokuwa nacho ambacho sisi tumenyang'anywa ni ruhusa ya kutosikiliza. Ugonjwa ulinikuta nikiwa mtu mzima wa kufundishwa upya jambo ambalo mtoto mchanga huzaliwa akilijua: kuacha sauti ipite. Na kujifunza kupuuza ni kazi ya ajabu, kwa sababu ukiifanya kwa bidii unaiharibu. Haiwezekani kujiamrisha usisikilize. Kinachowezekana ni kuupa moyo kazi nyingine, na kuacha miezi ifanye yake. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ya hesabu usiku, si kwa sababu yalikuwa na haraka, ila kwa sababu hesabu za kugawanya za darasa la nne zina makosa ya kutosha kumshughulisha mtu yeyote.

Mtunzi wa muziki wa Kicheki, Bedřich Smetana, alikwenda njia nyingine. Aliziwika mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 50, na kabla ya kuziwika alisumbuliwa na mlio wa juu. Mwaka 1876 alitunga muziki wa vyombo vinne, akauita kwa lugha yake Z mého života, yaani Kutoka Maishani Mwangu. Sehemu ya mwisho inakwenda kwa furaha ya ngoma, kisha ngoma inakatika, na fidla ya kwanza inashika noti moja ya juu sana, ndefu, juu ya mtetemo wa vyombo vingine. Hiyo noti ndiyo mlio wake. Kinachonivutia ni kwamba noti ile ina mwanzo na ina mwisho. Aliupa mlio wake muda wa kusikika mbele ya watu, kisha muziki ukaendelea mpaka ulipotaka kuishia. Sina kipaji hicho, wala haukumponya: alifariki mwaka 1884 akiwa amechanganyikiwa akili. Lakini naona aliyafanya yale yote ambayo mtu anaweza kuyafanya na kitu kama hiki, kukiweka mahali.

Mahali pangu ni darasani, na huko tatizo langu kubwa si mlio hata kidogo. Ni konsonanti. Sauti za s, f, sh na ch zinakaa kule juu mstari wangu ulikoporomoka. Siku moja niliwauliza watoto wa nyuma nani amevunja kiti. Wakasema, kwa uaminifu wa kupendeza, "Sisi, mwalimu." Nikasikia fisi. Nikawataka waache mzaha, wakasisitiza, nami nikazidi kukasirika kwa ajili ya mnyama huyo, mpaka msichana mmoja wa dawati la mbele akaandika neno kwenye daftari lake na kuliinua. Darasa lilicheka, nami nikacheka. Tangu siku ile ikawa desturi: jambo lisiloeleweka huandikwa na kuinuliwa. Wanafunzi wangu wana tahajia nzuri kuliko wa darasa jirani, na sijui sababu nyingine.

Liko jambo moja ambalo huja usiku wa feni kusimama na ambalo kupuuza hakulitoshi. Agosti 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini na sindano nyingine, kapreomaisini, zisipendekezwe tena kwa kifua kikuu sugu. Mahali pake pakaja vidonge, kikiwamo bedakwilini, ambacho Marekani ilikuwa imekiidhinisha tangu Desemba 2012. Amikasini, ya ukoo wa kanamaisini, haikufutwa kabisa, lakini iliwekewa masharti, na mojawapo ni kwamba usikivu wa mgonjwa uwe unapimwa. Wanaotibiwa leo wengi wao hawachomwi. Miaka michache tu ilinitenganisha na masikio yangu. Nimejaribu kuwa na hasira juu ya hilo na hasira haikushika, maana kila nikiifuata inanirudisha palepale: wale tuliochomwa tulichomwa kwa sababu mbadala uliokuwepo wakati huo ulikuwa kaburi. Wengine wodini hawakuipata hata biashara hiyo ya masikio kwa uhai. Nilichobaki nacho ni dai dogo. Mgonjwa yeyote anayepewa dawa ya ukoo huu aulizwe kila wiki masikio yanasemaje, na asijibiwe kwamba dawa imeingia.

Mlio wenyewe unawahusu wengi kuliko wagonjwa wa kifua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema mtu mzima mmoja kati ya saba hivi duniani husikia mlio usio na chanzo nje, jumla ya watu zaidi ya milioni 740, na kama asilimia 2 ya watu wazima wanao ulio mkali. Sababu ni nyingi: umri, mashine za kiwandani, miziki mikubwa, homa ya uti wa mgongo, dawa. Katika mtaa wowote yupo mtu anayeamka nao na hajamwambia mtu, kwa kuchelea kuambiwa ana jini.

Kwa walio karibu na mtu huyo nina neno la vitendo. Nafuu ya hali hii ina tabia ya kutoonekana na mwenyewe. Saa ambayo sikuusikia mlio siwezi kuikumbuka, kwa kuwa nikijaribu kuhakikisha kama haupo, nauita. Ni mke wangu aliyegundua kwamba umeme ulikatika usiku kucha na mimi nikalala. Alinyamaza, akaniambia baada ya wiki, na alifanya vyema. Ndugu wengi wenye mapenzi huuliza kila asubuhi, "Bado yanalia?" Swali hilo, kwa nia yake njema yote, hulazimisha mtu aende kuangalia, na akienda anaukuta. Tuna maamkizi yaliyotosha kabla ya kwinini na kabla ya sindano. Muulizeni amelalaje, mkae msubiri jibu, na kama ana la kusema juu ya masikio yake, atalisema mwenyewe.